Bei ya jiko usiiite ghali wala rahisi kabla hujaona idadi ya vifaa

Ukarabati wa jiko langu umeisha wiki iliyopita jamani, na furaha niliyonayo siwezi kuificha. Kaunta nyeusi, kabati mpaka juu, sinki la bakuli mbili. Tangu niweke picha status watu wananiuliza swali lile lile, "milioni nane, hujapigwa kweli?" Sijapigwa, na nina uhakika kwa sababu kila shilingi naijua ilikoenda.

Fundi wa kwanza niliyemwita hapa Uyole, Mbeya, aliniletea karatasi ya mistari minne tu: tailizi, kabati, kaunta, ufundi, halafu chini jumla milioni kumi na mbili na nusu. Nikamuuliza tailizi ni boksi ngapi, akasema ishirini na mbili. Nikachukua futi tukapima wote. Sakafu mita 3 kwa 4, hiyo ni mita za mraba 12. Ukuta wa juu ya kaunta urefu mita 5 kupanda sentimita 60, mita za mraba 3. Jumla 15, ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika unapata 16.5. Boksi la 60 kwa 60 lina vipande 4, linafunika mita za mraba 1.44, na la 30 kwa 60 lina vipande 8, eneo ni lile lile. Boksi 13 zinatosha kabisa, 10 za sakafu na 3 za ukuta! Akaniambia, "mama, hesabu hizi waachie mafundi." Kauli ile inaniuma mpaka leo, maana mimi nimesomesha watoto kwa kuuza viazi, hesabu za magunia nazipiga kichwani kila siku alfajiri, leo mtu anasimama ndani ya nyumba yangu kuniambia siwezi kuhesabu tailizi.

Kwa hiyo mdau ukipewa makadirio dai idadi. Tailizi boksi ngapi, saruji mifuko mingapi, bodi za kabati ngapi za futi 8 kwa 4, na ufundi ukae peke yake. Ukishapata idadi zunguka sokoni Mwanjelwa maduka mawili matatu ulizia bei mwenyewe, usimtume mtu.

Kwenye kabati ndo uwe makini zaidi. Neno "kabati" halina bei. Ni MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), ni marine board (plywood inayovumilia maji), ni mbao? Unene milimita ngapi? MDF ya kawaida chini ya sinki ikilowa inavimba haitarudi tena, na mbao za paini zikitoka Mafinga bado mbichi, mlango utapinda ukishakauka, huku kwetu mvua zikianza Novemba mpaka Aprili vitu havikauki kirahisi. Fundi wangu wa pili aliandika mpaka idadi ya bawaba na reli za droo, ndo maana nilimpa kazi, na wala hakuwa wa bei ya chini kuliko wote. Wa chini kuliko wote hakuandika bomba wala kubomoa ukuta wa zamani, hivyo vingekuja baadaye kama "dharura".

Tuache aibu wapendwa, kuuliza hela yako inaenda wapi sio kumdharau fundi. Fundi mzuri anakujibu bila kununa. Na hela ya mwisho usiitoe mpaka umefungua kila mlango, umevuta kila droo na umejaza sinki maji ukachungulia chini.