Ukituma hela nyumbani, iwe na tarehe

Kama una mzazi au ndugu kijijini unayemsaidia, mtumie kiasi kisichobadilika, tarehe ileile kila mwezi, mwambie utaendelea kwa muda gani, na usimuulize kanunulia nini. Sisi ndugu tulioko Mbeya mjini na Makambako ndivyo tunavyomfanyia mama yetu kule Rungwe.

Mabadiliko niliyaona kwenye ndizi. Alipokuwa hajui hela itaingia lini, mama aliuza mikungu ikiwa bado michanga kwa dalali wa Fuso, kwa bei anayoitaka dalali, kwa sababu chumvi imeisha au mjukuu hana daftari. Alipopata uhakika wa tarehe tano, akaanza kumwambia dalali apite wiki ijayo. Kisha akaingia kwenye mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu na wenzake wa kanisani, maana kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo, hamchukui mtu asiye na pa kutolea hela. Zamu yake ilipofika akanunua mtamba. Sasa anauza maziwa. Hakuna kati yetu aliyemwambia anunue ng'ombe. Mimi ningemwambia anunue mabati.

Kila nikieleza haya naambiwa hela ya bure inalemaza watu. Shirika la GiveDirectly linawalipa watu wa vijijini Kenya bila masharti yoyote, na matokeo ya 2023 hayakuonyesha watu kuacha kazi. Kilichoonekana ni watu kupunguza vibarua na kufungua biashara zao. Walioahidiwa miaka 12 walisonga mbele kibiashara kuliko walioahidiwa miaka 2, ingawa kwa mwezi walipokea kiasi kilekile. Nao pia walizungusha fedha kwa zamu ili wapate mtaji wa mkupuo, kama mama na wenzake. Utafiti mwingine, wa Siaya, ambako kaya zilipewa fedha kwa mkupuo, ulikadiria kwamba kila shilingi iliyoingia iliongeza takribani shilingi 2.5 kwenye uchumi wa eneo lile. Hata majirani ambao hawakupewa kitu walinufaika, na bei za bidhaa zilipanda kidogo mno.

Kwa nchi nzima hesabu ni nzito. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Ukimpa kila mmoja shilingi 10,000 kwa mwezi, unahitaji takribani trilioni 7.4 kwa mwaka, wakati bajeti yote ya 2022/23 ilikuwa trilioni 41.48. Ndiyo maana naona tungeanza na wazee. Zanzibar ilifanya hivyo mwaka 2016: kila mwenye miaka 70 na kuendelea alipangiwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuchambua nani maskini na nani siyo. Huku kwetu mzee mwenye nyumba ya bati anaonekana anajiweza hata kama kashindia uji.

Wakati tunasubiri, anza na wa kwenu. Chagua kiasi utakachokimudu hata Januari, ada zinapokubana. Elfu ishirini isiyokosa inamfaa mama kuliko laki moja ya kubahatisha, kwa sababu miezi inayokosa ndiyo inayompeleka kwenye mikopo ya kausha damu. Na ukituma, weka na ya kutolea.