Megapikseli 200 hazisikii chochote, mkuu

Mkuu, usiirudishe hiyo simu ubadilishiwe ya megapikseli 200! Unasema video za ndani zina chenga, sauti inatoka ya mbali yenye mwangwi, na wiki ijayo una mahafali ya mwanao ya kurekodi. Halafu unataka programu nzuri ya kuhariri na ukubwa wa memori kadi. Hayo yasubiri. Tuanze na hizo 200, maana ndugu zake, zile 108 za simu yangu, ndio walioniponza.

Megapikseli ni pikseli milioni moja, yaani vinukta vinavyounda picha. Fremu moja ya video ya 4K ni pikseli 3840 kwa 2160. Zidisha: megapikseli 8 na ushee. Ya 1080p, ubora wa chini ya hapo, ni 2 na ushee. Sasa hizo nyingine zitakusaidia nini ukibonyeza kitufe chekundu? Chenga zinaletwa na sensa ndogo (kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga) kwenye mwanga hafifu, na ukubwa wa sensa hauandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi. Muuzaji wangu alijua kuhesabu mpaka 108, elimu yake ya kamera ikaishia hapo. Nami nikawa naitikia kwa kichwa, nani anataka kuonekana mshamba?

Nikainunua simu, nikaenda nayo harusini kwa dada. Baba yetu si msemaji, ila siku ile alisimama akaongea mpaka watu wakafuta machozi. Mimi niko viti vya nyuma, simu nimeilaza, kiganja kimeziba maiki ya chini, kava limeziba kile kitundu cha maiki kando ya kamera. Mzee akinyamaza avute pumzi, simu inajiongezea usikivu yenyewe, feni inanguruma. Watu wakipiga makofi, inajishusha ghafla na kumeza maneno yanayofuata. Nimebaki na 4K safi kabisa ya mzee anafungua na kufunga mdomo kama samaki. Fundi wa kuhariri alisikiliza kidogo, akauliza kama kuna mtu mwingine alirekodi. Hakuna, kwa sababu niliwaambia wote wakae watulie, mwenye simu mpya nipo. Kwenye kundi la familia sasa naitwa Filamu Bubu. Nimezoea, hata picha ya wasifu nimeweka ya Chaplin.

Na hao wachambuzi wa simu mtandaoni wasinikute njiani. Mtu anakusifia "sauti ya studio" huku kibanio cha maiki kinaonekana kwenye kola ya shati lake! Unasikia maiki yake, husikii simu. Mfano wa video nao kaurekodi nje, jua la mchana. Hata simu ya zamani ingependeza hapo.

Shika hili moja: maiki iende kwa msemaji, kamera ibaki ulipo. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti ya mtu inashuka kama desibeli 6 (kipimo cha nguvu ya sauti), lakini mwangwi wa ukumbi haushuki nayo. Toka nusu mita hadi mita 4, umeshapoteza 18, na hakuna simu mpya ya kukurudishia. Tafuta simu yoyote kuukuu, iweke hali ya ndegeni, washa kinasa sauti, omba iwekwe kwenye mimbari au mfuko wa shati wa anayeongea. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili baadaye uoanishe picha na sauti. Usijaribu ujanja wa kumvalisha hedifoni za bluetooth. Nyingi zikiwasha maiki zinarudi kwenye ubora wa kupigiana simu.

Picha yenyewe? Futa lenzi, usivute zoom, kaa upande wenye mwanga. Basi.

Leo usiku toa kava, mweke mwanao aongee toka mwisho wa sebule feni ikiwa imewashwa, rekodi kwa simu zote mbili, ile kuukuu ikiwa mfukoni mwake, kisha sikiliza kwa hedifoni za waya. Ukishasikia tofauti, ndipo uniambie kama bado unataka hizo 200.