Bomba safi, paa linafuka: moshi haufiki kwenye kichujio

Katika karakana ya kuyeyushia chuma chakavu, bomba la kutolea hewa la kichujio cha moshi likiwa safi huku paa linafuka, usikimbilie kununua mifuko mipya ya kuchujia. Moshi unapotea kabla ya kufika huko.

Moshi wa tanuri la tao la umeme, yaani linaloyeyusha chuma kwa cheche kubwa za umeme, hunyonywa kupitia tundu la nne la kifuniko (mengine matatu ni ya elektrodi, nguzo zinazopitisha umeme). Kifuniko kikisogezwa pembeni ili kupakia chuma chakavu, tundu hilo halinyonyi kitu, na ndipo wingu zito hupanda, hasa chakavu kikiwa na mafuta, rangi au mabati. Hapo tegemeo ni kofia kubwa ya kunyonya moshi iliyo chini ya paa. Kagua dampa zake (vilango vya kuelekeza hewa ndani ya mabomba) kwa macho, si kwa taa za chumba cha udhibiti: wakati wa kupakia nguvu ya feni iende kwenye kofia, wakati wa kuyeyusha irudi tundu la nne. Mkono wa dampa ukikwama kwa vumbi, taa bado inaweza kuonyesha "wazi". Funga pia milango mikubwa, maana upepo wa pembeni husukuma wingu nje ya kofia.

Kisha soma tofauti ya shinikizo kwenye mifuko. Kawaida ni milimita 100 hadi 150 za maji. Ikizidi sana, mifuko imeziba na feni haivuti vya kutosha.

Mifuko ya poliesta isivuke takriban nyuzi 130 mfululizo. Vumbi lina zinki na risasi: lifungwe kavu, lisimwagwe uwanjani.