Mchoro wa wawili wawili haupimi mapenzi

SWALI: Mwalimu, salaam. Nimeombwa kuongoza mchezo wa kuchora wawili wawili, ule wa kukaa mmepeana migongo, mmoja anaeleza picha na mwenzake anaichora bila kuiona, kwenye kasiki (sherehe ya kuamkia harusi) ya binamu yangu hapa Arua, Uganda. Watakuwepo wachumba na wanandoa, jozi kama kumi hivi. Nilipoucheza na mchumba wangu kwenye sherehe nyingine tulikuwa wa mwisho, na mshereheshaji akatangaza mbele ya watu kwamba hatusikilizani, tujichunguze kabla ya kuoana. Limenikaa moyoni mpaka leo. Je, alisema kweli? Na mimi nitauendeshaje bila kumwaibisha mtu? Wengi wanasema hawajui kuchora.
Msomaji, Arua

JIBU: Dada yangu, hakusema kweli. Maswali kama lako hunijia mara kwa mara, na karibu yote yana kidonda hichohicho: mtu alikwenda kwenye sherehe kufurahi, akarudi nyumbani na hukumu ya ndoa yake kutoka kwa mtu mwenye maikrofoni.

Jambo la kwanza ambalo ningemuuliza mshereheshaji huyo ni hili: aliyekuwa akichora aliruhusiwa kuuliza maswali? Kwenye sherehe nyingi haruhusiwi. Anaambiwa anyamaze, asigeuke, achore anachosikia. Hapo matokeo yanajulikana kabla kalamu haijagusa karatasi. Mwaka 1951 watafiti Harold Leavitt na Mueller walichapisha jaribio linalofanana sana na mchezo huu. Mtu mmoja alieleza kwa maneno matupu michoro ya mistatili, na wengine wakaichora. Mara nyingine wachoraji hawakuruhusiwa kusema neno, mara nyingine waliuliza watakavyo. Waliouliza walitumia muda mrefu zaidi, lakini michoro yao ilikuwa sahihi zaidi na wenyewe waliiamini. Walionyamazishwa walijaa shaka, na hata chuki ikajitokeza baina yao na mwelezaji.

Sasa angalia kilichowapata ninyi. Mtu anawafunga mdomo, mnakosea kwa sababu mmefungwa mdomo, kisha anasimama na kusema tatizo ni kwamba hamsikilizani. Kasoro ameitengeneza mwenyewe kwa kanuni yake, halafu anaibandika kwenye uchumba wenu.

Kuna la pili ambalo washereheshaji hawa hawalijui, au hawataki kulijua. Wanadhani wapenzi wa kweli lazima wawashinde watu wasiojuana. Mwaka 2011 Kenneth Savitsky na wenzake walionyesha kwamba tunapozungumza na mtu wa karibu, kama mume, mke au rafiki, huwa tunajiamini kupita kiasi kwamba ametuelewa, ingawa hatuelewani naye vizuri kuliko tunavyoelewana na mgeni. Hili naliona kila ninapoongoza mchezo. Mke anamwambia mumewe, "Weka kile kitu pale juu, si unajua," na mume anaweka anachojua yeye. Wageni wawili hawana "si unajua". Wanataja kila kitu, na mara nyingi wanashinda. Wanandoa wakiwa wa mwisho, ni jambo la kawaida kabisa.

Hao wanaosema hawajui kuchora, waondolee hofu kwa picha utakazochagua. Usiwape nyumba, ng'ombe wala sura ya mtu. Wape maumbo: mraba, duara, pembetatu, mistari miwili inayokatana. Kwa mfano, mraba mkubwa katikati, duara dogo linalogusa kona yake ya juu kulia, na ndani ya mraba pembetatu iliyosimama kwa ncha. Hiyo inatosha kuwachosha watu wazima, na hakuna anayehitaji mkono wa msanii. Zichore mwenyewe siku moja kabla, nakala zinazolingana, na uzikunje mtu asizione.

Vitu vinavyojulikana viepuke kwa sababu nyingine pia. Mwelezaji akisema "bendera ya Uganda", mchoraji ataichora kutoka kichwani: mistari sita, nyeusi, njano na nyekundu mara mbili, na korongo katikati ya duara jeupe. Hapo hakuna maelezo yaliyofanya kazi. Kama unapenda picha ya kitu halisi, iwe raundi ya mwisho, na jina la kitu liwe marufuku kulitaja.

Kabla ya kuanza waambie mambo mawili yanayoharibu michoro mingi kuliko yote. Karatasi imelala au imesimama? Mwelezaji alitaje hilo kwanza. Na pande zitajwe kwa karatasi, si kwa ukumbi. Watu waliopeana migongo, dirisha lililo kulia kwa mmoja liko kushoto kwa mwenzake. Anayesema "chora upande wa dirisha" atapata mchoro uliogeuzwa, na watu watacheka wakidhani mchoraji ni mzito wa kuelewa.

Cheza raundi mbili. Ya kwanza bila maswali, dakika tano. Ya pili kwa picha nyingine yenye ugumu uleule, maswali ruksa, na uongeze muda, dakika nane au kumi. Jozi ilinganishe raundi zake zenyewe mbili. Ukumbi utaona wenyewe tofauti, na kila mtu atajua kwamba kilichobadilika ni kanuni. Huko Arua meza moja inaweza kuwa na Mlugbara, Mnubi na mgeni kutoka Kongo, basi kila jozi itumie lugha inayowafaa wote wawili, hata wakichanganya. Kuwalazimisha lugha moja ni kupima kitu kingine.

Alama usizitoe kwa uzuri. Andika kabla vitu vitakavyohesabiwa: idadi ya maumbo, kipi kinagusa kipi, kipi kiko juu, kipi ni kikubwa. Alama moja kwa kila kilichopatikana. Mstari uliopinda kwa sababu mkono ulitetemeka haupunguzi chochote.

Na usichanganye kanuni za mchezo huu na za Pictionary, mchezo ambao Robert Angel wa Seattle aliutoa mwaka 1985. Huko anayechora ndiye anayejua neno, mwenzake anabahatisha, na mchoraji haruhusiwi kusema wala kuandika herufi au tarakimu. Kanuni ya kunyamaza ina maana huko. Nadhani ndiko washereheshaji wetu walikoitoa wakaja kuipandikiza kwenye mchezo usioihitaji.

Linalonitia wasiwasi zaidi ya kasiki ni hawa "wasomaji wa michoro" wanaozidi kuitwa kwenye semina za wanandoa, mikutano ya wafanyakazi na hata shuleni, tena kwa malipo. Anaangalia karatasi na kutamka: umechora duara dogo, hujiamini, umebonyeza kalamu, una hasira, mwenzako ameacha nafasi, moyo wake uko kwingine. Wapo wataalamu wa saikolojia waliojaribu kumsoma mtu kwa mchoro, kama John Buck wa Marekani na kipimo chake cha nyumba, mti na mtu cha mwaka 1948. Kipimo hicho kimepingwa na watafiti kwa miaka mingi, ingawa kinatumiwa na mtu aliyesomea, faraghani, pamoja na mahojiano marefu. Basi mtu aliyejifunza kwa video mbili za simu, katikati ya muziki na sahani za pilau, anasoma nini?

Madhara yake ni halisi. Meneja anayeamua nani aongoze timu kwa sababu ya mchoro wa dakika tano anamnyima mtu haki yake. Mwalimu anayemwita mtoto mgumu kwa sababu alibonyeza penseli anampa jina litakalomfuata darasa baada ya darasa. Mzazi akiletewa tafsiri ya namna hiyo, aulize aliyeitoa amesomea wapi na amezungumza na mtoto kwa muda gani. Na wachumba wenye wasiwasi wa kweli kuhusu kusikilizana waende kwa mshauri wa ndoa, wakae naye mlango umefungwa, wazungumze mambo yao yenyewe: fedha, wakwe, watoto.

Mchezo ukiisha, kila jozi iondoke na karatasi zake zote. Usizibandike ukutani, na anayetaka kuzipiga picha azitume kwenye kundi la WhatsApp awaombe kwanza wenyewe waliochora.