Kishindo cha mlango kinachosambaa kwenye plagini ya spektra
Ndugu, umeuliza kwa nini kishindo cha mlango hupoteza makali kila unapokipitisha kwenye plagini ya spektra (programu ya ziada inayoichambua sauti kwa masafa yake) ili kupata mvumo mrefu wa filamu ya kutisha. Chanzo ni ukubwa wa dirisha la uchanganuzi, yaani kipande cha sauti kinachosomwa kwa mara moja: kwa sampuli 4096 kwenye 48 kHz (vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde), plagini husoma takriban milisekunde 85 kwa mkupuo, hivyo hutenganisha masafa vizuri lakini hukitandaza kishindo ndani ya kipande chote. Ukishusha hadi 512 makali yatarudi, ila besi itavurugika, kwani kila mkanda wa masafa utakuwa na upana wa hezi 94 hivi. Mimi ningeigawa sauti: kishindo kibaki kikavu, bila kupita kwenye plagini, na mkwaruzo wa bawaba pekee ndio ugandishwe, yaani ushikiliwe uwe mvumo mrefu, kwa dirisha kubwa.