Barua kwa mwanangu anayekwenda kusomesha somo la intaneti na jamii

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Umesema chuo hapo Chake kimekukabidhi somo la intaneti na jamii, muhula unaanza mwezi ujao, na unaniuliza: "Mama, watoto hawa wanazijua simu kuliko mimi. Nitawasomesha nini?"

Kuzijua wanazijua. Wanajua bando gani lina nafuu usiku, wanajua kukata video ikapendeza, wanajua kumficha mama mtu kwenye picha asizozitaka azione. Lakini hebu muulize mmoja wao: ujumbe unaomtumia shangazi yako Dubai unapita wapi mpaka umfikie? Atakuonyesha mnara. Na baada ya mnara? Hapo atanyamaza, na hapo ndipo nilipokuwa nikianzia mimi miaka yote niliyosomesha somo hili huku Mjini.

Anzia baharini. Mwaka 1879, enzi ya Sayyid Barghash, Waingereza waliulaza waya wa telegrafu kutoka Aden, ukapanda hapa Unguja, ukaendelea Msumbiji mpaka Durban. Haraka yao ilikuwa na sababu. Januari ya mwaka huo jeshi lao lilipigwa vibaya na Wazulu kule Isandlwana, na habari ilichukua kama wiki tatu kufika London. Dola kubwa kama ile kukaa wiki tatu haijui kama imeshindwa vita, hilo hawakulistahamilia. Kwa hivyo waya ulipita mlangoni petu, lakini haukuletwa kwa haja yetu. Wanafunzi wangu nilikuwa nawapeleka kwa miguu mpaka Shangani, tunasimama nje ya lile jengo la zamani la simu za nje, Extelcoms, ambalo sasa ni hoteli ya Serena, nawauliza: katika mji wa siku zile, nani alikuwa na pesa ya kulipia kila neno analolituma? Nani alikuwa na jambo la kuwaambia London? Na nani alikuwa akikaa tu barazani kusubiri kuambiwa kilichoamuliwa? Wewe Shangani huna hapo, lakini picha zipo na maswali ni hayo hayo.

Kisha waruke nawe mpaka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Hiyo wataikumbuka wenyewe. Mikonga miwili ya baharini, yaani nyaya zinazobeba intaneti, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani zetu kadhaa. Watu walizima simu wakaziwasha, wakatoa laini wakairejesha, wakalaumu kampuni, wakalaumu serikali. Kumbe mambo yalikuwa chini ya bahari, kwenye pwani ile ile iliyopitishwa waya wa 1879. Waoneshe ramani mbili, ya zamani na ya sasa, wewe kaa kimya. Waache waone wenyewe.

Usisahau umeme. Unguja tulikaa gizani karibu mwezi mzima kuanzia Mei 2008, tukadhani tumekoma, mara Disemba 2009 ukakatika tena mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Nyinyi Pemba hamkuguswa kwa kuwa mlikuwa na majenereta yenu ya Wesha. Waya wenu wa umeme wa kutoka Tanga ulikuja 2010. Sisi huku simu zilikuwepo, minara ilikuwepo, lakini kuchaji ilibidi umwendee mwenye jenereta, ulipe, uache simu kwa mtu usiyemjua. Aliyekuwa na jenereta alikuwa na habari, na mwenye habari alikuwa na biashara. Wapangie wakawahoji wazazi wao juu ya siku zile, au ndugu zao walioko Unguja. Utapata kazi za mikono yao wenyewe, si maneno waliyoyanakili mahali.

Sasa nije kwenye jambo nnalolipenda kuliko yote: nyumba za wageni. Chukulia mtu wa Jambiani mwenye vyumba vitano. Zamani mgeni aliletewa na papasi, yule dalali wa mtaani anayewatafutia wageni vyumba, papasi akachukua chake, wakagombana, wakapatana, kesho tena. Leo mgeni anakuja kupitia tovuti ya kuwekea vyumba, nayo inachukua kamisheni yake. Tofauti ni kwamba papasi huyu mpya haonekani, hana barza anayokaa, na masharti akiyabadilisha hakuna wa kumfuata. Kisha mgeni anaondoka anaacha alama. Wape darasa mfano huu: mgeni kaandika kwamba nyumba safi, chakula kizuri, ila adhana ya alfajiri imemwamsha, akatoa alama ndogo. Mwenye nyumba afanye nini? Msikiti haumhusu, alama zinamhusu, na zikishuka jina lake linasukumwa chini kwenye orodha. Nani aliyeamua kwamba utulivu wa mtu aliyelala siku mbili upimwe kwa kipimo hicho, na kijiji kizima kisiwe na pa kujibia? Mwaka mmoja mjadala huo ulinilia kipindi kizima na nusu ya kilichofuata. Nilikuwa na kijana wa Nungwi na msichana ambaye baba yake ni imamu. Mimi nilikaa nikisikiliza.

Ukitaka kuwapeleka mbali zaidi ya hapo, wape lile jaribio la Facebook. Januari 2012, kwa wiki moja, watu 689,003 walipunguziwa machapisho ya furaha au ya huzuni kwenye kurasa zao ili ionekane kama na wao wataandika kwa furaha au huzuni. Hawakuulizwa. Ilijulikana 2014 matokeo yalipochapishwa. Na karibu na kwetu, Nairobi, wapo vijana waliokuwa wakilipwa kuangalia mauaji na machafu siku nzima ili yaondolewe Facebook sisi tusiyaone. Mwaka 2023 wengi wao walikwenda mahkamani. Hili la Nairobi huwashika wanafunzi zaidi, kwa sababu wanajiona mule.

Najua watakuja watu wazima, tena wa heshima, wakutake ulifanye somo zima kuwa la maadili: madhara ya mitandao, vijana wanapotea. Waitikie kwa adabu, kisha usiwafuate. Ukiingia na orodha ya maovu, darasa litakujibu "ndiyo mwalimu" na simu ziko chini ya meza. Maadili yanakuja yenyewe ukiwapa kitu cha kukipima. Mathalan ile sauti inayozunguka kwenye makundi ya familia kwamba mizizi fulani inaponesha sukari. Wape kazi ya kuifuata nyuma: aliyekutumia aliipata kwa nani, na huyo kwa nani? Hawatafika mbali, na kule kukwama ndiyo matokeo ya kazi. Halafu someni pamoja kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, neno kwa neno, si kwa kusimuliwa. Faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Sheria inafanya kazi Pemba kama inavyofanya Dodoma. Lakini inamtaja anayechapisha akijua kuwa ni uongo na akikusudia kupotosha. Je, bibi aliyeituma mbele kwa huruma, akidhani anawaokoa wagonjwa? Na nani atakayesema alijua au hakujua? Hapo usiwape jibu lako. Wewe ni mwajiriwa, na wao hawajafikiri bado.

Kuhusu simu darasani, maana najua utauliza: usizipige marufuku. Ni kama kusomesha uvuvi ukaikataza bahari. Siku za majadiliano ziwe kifudifudi mezani, siku za kazi ziwe mikononi. Yupo ambaye hana simu kubwa, ana kitochi tu; usimtaje, mpange na wenzake wawili kwa kila kazi, na uwe unasikiliza anachosema, kwa sababu yeye anaona mambo ambayo wenye bando hawayaoni.

Mtihani wa mwisho usiulize tarehe. Mimi nilikuwa natoa swali moja la saa mbili: chagua jambo moja ulilolifanya leo kwa simu, uandike ni nani na nani waliopata kitu kwa wewe kulifanya, walipata nini, na wewe ulijuaje. Wengine hulia kwamba ni gumu. Waache walie.

Makaratasi yangu nimeyatia kwenye boksi, kaka yako atakuja nayo kwa boti, kampokee Mkoani. Ramani ya waya imechanika upande wa Msumbiji, iunge kwa gundi. Na majibu ya mtihani wako wa kwanza ukishasahihisha, nipigie picha mawili matatu nami niyasome. Usichague mazuri tu.

Mama'ako