Maswali yenu ya chai, na vumbi mnalolichemsha

Nimechagua maswali manane kati ya mliyonitumia. Mnauliza viungo, mnauliza maziwa, mnauliza birika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza jani. Ndiyo maana mtaniona narudi palepale.

Shikamoo shangazi. Kila nikitia tangawizi kwenye chai, maziwa yanakatika. Nimeshabadilisha wauza maziwa watatu. (Mama Wawili, Tabata)

Marahaba. Waombe radhi wote watatu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na hukolea maziwa yanapoanza kupata moto. Iponde kwenye kinu, ichemshe kwenye maji pamoja na iliki na mdalasini kwa dakika tano, ndipo utie maziwa. Kimeng'enya hakistahimili mchemko. Hili nililijibu kabla ya Ramadhani, nikalijibu tena baada ya Idi. Atakayeliuliza mara ya tatu ajibiwe na jirani yake.

Na majani yaingie mwishoni, yatokote kidogo, funika, epua. Kuna nyumba ambazo sufuria hubandikwa alfajiri na saa nne bado iko jikoni. Hiyo imeshakuwa dawa ya kienyeji, na vijiko vinne vya sukari mnavyotia ni vya kuficha uchungu mlioutafuta wenyewe.

Nilikunywa chai ya nanaa kwa rafiki yangu Mmoroko. Nyumbani nikatia majani niliyoletewa kutoka Tukuyu na nanaa ya sokoni, ikatoka nyeusi, chungu kama mwarobaini. Nimekosea wapi? (Msomaji, Leicester)

Jikoni hujakosea. Majani ndiyo si yenyewe. Mengi ya yale tunayouziwa huku kwetu, yawe ya Tukuyu, Mufindi au Kericho, yamepita kwenye rola zenye meno zinazoyasaga, kuyachana na kuyaviringa mpaka yawe punje, mara nyingine vumbi kabisa. Mashine hizo zilianzia Assam miaka ya 1930, na punje zake zinajua kazi moja: kutoa rangi na ukali upesi, chai isipotee ndani ya maziwa na sukari. Kwa kazi hiyo sina ugomvi nazo. Lakini ukizitia kwenye maji matupu na nanaa, nanaa haisikiki.

Mmoroko hutumia majani ya kijani ya China yaliyoviringwa vijidonge vigumu. Huitwa baruti, kwa kuwa yanafanana na punje za baruti. Yalienea kwao karne ya 19. Vita vya Crimea vilipowaharibia Waingereza biashara ya Baltiki, chai yao ikatafutiwa soko kwenye bandari za Moroko, Tangier na Mogador, na wenyeji wakaipokea kwa nanaa. Kwa hiyo ukisikia mtu anajigamba kuhusu chai ya asili ya jangwani, mwache amalize, kisha mwulize jani limetoka wapi.

Chukua buli la nusu lita na vijiko viwili vya chai vya baruti. Mimina maji moto kidogo, subiri dakika moja, kisha yatoe kwenye glasi na uyaweke pembeni. Hayo ndiyo roho ya jani, usiyamwage. Tia maji mengine, tikisa, na hayo ndiyo ya kumwaga, maana yanaondoka na uchungu. Sasa rudisha ile glasi ya kwanza, jaza maji, tia sukari, weka juu ya moto mdogo dakika chache. Mwisho tia shada zima la nanaa mbichi, ile ya biriani, si peremende. Usikoroge kwa kijiko. Mimina glasi moja, irudishe bulini, mimina tena, mara mbili tatu, hapo sukari itakuwa imechanganyika. Kuandaa, mimina kutoka juu ili ipate povu. Siku ya kwanza fanyia hayo kwenye sinki.

Wamoroko hutia sukari bila huruma. Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, usiige hilo.

Rozela na rooibos ni chai ya aina gani? (Msomaji, Dodoma)

Si chai. Chai ni mmea mmoja, *Camellia sinensis*. Rozela ni ndugu wa bamia, na rooibos ni kichaka cha milima ya Cederberg, Afrika Kusini. Vinywe kwa raha zako, ila usitie maziwa kwenye rozela kisha ukaja kuniuliza kwa nini yamekatika.

Nina majani ya kijani ya pakiti. Nikiyasaga kwenye blenda napata macha? (Mwanafunzi, Nairobi)

Unapata majani yaliyosagwa. Macha ni unga wa chai ya kijani wa Kijapani, na michai yake hufunikwa kivuli wiki tatu au zaidi kabla ya kuchumwa, na kivuli hicho ndicho kinacholeta ule ukijani na utamu wake. Kisha majani hupigwa mvuke, hukaushwa, huondolewa vikonyo na mishipa, ndipo husagwa polepole kwenye jiwe. Ukiipata ya kweli: gramu 2, mililita 70 za maji ya nyuzi 80 hivi. Maji yanayotokota yanaiharibu. Ipige kwa kichapio cha mianzi, au kile kidogo cha mayai. Na ukiona kopo la bei ya soda lenye unga wa rangi ya nyasi kavu, lirudishe rafuni.

Jirani yangu Mkashmiri ananiletea chai ya rangi ya waridi, yenye chumvi. Anasema haina rangi ya dukani. Ananificha siri? (Binti wa Unguja, Muscat)

Hakufichi. Kwao inaitwa nun chai, chai ya chumvi, na rangi yake inatoka kwenye jani lenyewe. Kijiko kikubwa kimoja cha majani ya kijani, vikombe viwili vya maji, robo kijiko cha chai ya bekingi soda. Chemsha polepole mpaka maji yabaki nusu, yawe rangi ya damu ya mzee. Hapo mwagia kikombe cha maji ya barafu kwa mkupuo, shika upawa, chota umwage kutoka juu, chota umwage, robo saa nzima. Mkono utauma. Soda ikisaidiana na hewa ndiyo inayogeuza jani. Anayechoka mapema huambulia rangi ya kahawia. Chuja, tia maziwa, na wekundu ule utageuka waridi mbele ya macho yako. Chumvi kidogo, mkate pembeni. Ile tamu yenye lozi na pistachio ni ya kukirimia wageni.

Usitumie bekingi pauda, ina tindikali ndani yake. Na magadi ya mawe ya kulainishia maharage usithubutu: hujui ukali wake, na chai itanuka sabuni. Majani meusi? Hata ukichota mpaka Ijumaa.

Karak ya Dubai na chai yetu ya maziwa zina tofauti gani? (Msomaji, Mombasa)

Maziwa ya kopo na bei. Neno lenyewe ni *kadak* la Kihindi, yaani kali.

Wanangu wanataka ile chai ya Taiwan yenye vidonge. Unga wa muhogo wa ugali unafaa? (Baba Neema, Morogoro)

Haufai. Vidonge vile, vilivyoingia kwenye chai huko Taiwan miaka ya 1980, ni wanga mtupu wa muhogo. Kwaruza muhogo mtamu, kamua kwenye maji, acha utuame, mwaga maji, anika. Ukande kwa maji yanayochemka yenye sukari ya kahawia. Ukitumia maji ya baridi utapata uji. Muhogo mchungu usiuguse kwa shughuli hii, una sumu. Na mtoto mdogo asipewe vidonge, vinakaba.

Hukuniuliza, lakini kwa kuwa umetaja watoto: chai pamoja na mlo inapunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kwenye maharage na mchicha. Wape saa moja baada ya kula. Wajawazito pia.

Kwenye chai ya siagi ya Tibet naweza kutia Blue Band? (Fundi, Mwanza)

Hapana. Hayo ni mafuta ya mimea. Tafuta siagi ya maziwa, chumvi, na majani yaliyogandamizwa kama tofali, uyachemshe mpaka yawe meusi. Wao husukasuka kwenye pipa jembamba la mbao, wewe tumia blenda. Inywe ikiwa moto, na inywe kama supu. Ukiitegemea iwe chai utaimwaga.